Mkono wa Ami ndani ya giaboksi

Nilipolegeza nati ya kumwagia mafuta ya giaboksi, kilichotangulia kutoka kilikuwa maji. Kama kijiko kimoja cha chai, yakadondoka kwenye beseni, kisha ndipo mafuta yenyewe yakafuata, meusi, mazito, yakijivuta kama uji uliolala. Nilikuwa chali chini ya gari kwenye banda la Ami, ndugu wa baba yangu, mtaa wa Tudor, Mombasa, nimevaa kikoi changu cha kazi, tumbo likanikata. Mafuta huelea, maji huzama. Yakitangulia maji, maana yake yalikaa chini humo siku nyingi na hapakuwa na wa kuyakoroga.

Gari ni Datsun 240Z ya 1973, silinda sita, cc 2,393, boneti refu kama jahazi. Ami alilinunua mkononi mwa mtu Nairobi enzi zake bado ana nywele, na sababu haikuwa siri. Ami alikuwa kijana wakati Edgar Herrmann aliposhinda mbio za magari za East African Safari mwaka 1971 kwa gari la aina hiyo, na mwaka 1973 Shekhar Mehta akarudia. Ile ya 1973 Ami huisimulia kama mtu anayesimulia harusi yake mwenyewe: Mehta na Harry Källström, wote ndani ya Datsun, walimaliza na adhabu sawasawa, ushindi akapewa Mehta kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu yake ya kwanza. "Matope yote yale," Ami husema, "vumbi lote lile, halafu mnalingana!"

Macho yake yalipoanza kuingia ukungu akaliegesha. Likakaa miaka 14. Banda liko hatua chache tu kutoka mkono wa bahari, na giaboksi ina kitundu juu cha kupumulia. Mchana chuma kinapata moto, hewa inatoka. Usiku kinapoa, hewa inaingia, nayo ni hewa ya pwani yenye unyevu na chumvi. Fanya hesabu ya usiku wa miaka 14, kile kijiko cha maji hakitakushangaza tena.

Kabla halijaegeshwa lilikuwa na magonjwa mawili. Gia ya pili ilikwaruza ukiingiza kwa haraka, na kulikuwa na mlio, mluzi wa chini, uliosikika gari likiwa limesimama bila gia na mguu hauko kwenye klachi. Ukikanyaga klachi, unanyamaza. Huo mlio wa pili ni dalili nzuri kuijua kwa kichwa: ukikanyaga klachi shafti ya mbele inaacha kuzunguka, kwa hiyo kinacholia kiko kwenye beringi yake au kwenye ile shafti ya chini inayoburutwa nayo. Huhitaji hata kufungua boneti kujua hilo.

Ugonjwa wa gia ya pili kila mtu alinipa jibu moja: pete za sinkro, zile zinazolinganisha mbio za gia kabla haijaingia, zimekwisha. Nami, bila kufungua hata bolti moja, nikaagiza seti nzima ya pete za shaba kutoka ng'ambo. Zikaja zimefungwa vizuri, zinang'aa kama vikuku. Nikazipanga mezani nikazitazama wiki mbili.

Kutoa giaboksi sitasimulia sana, ni jasho tu. Betri, bomba la moshi, propela, stata, bolti za kengele, yaani lile kasha la mbele lenye umbo la kengele, zinazoishika na injini. Ile ya juu kabisa ndiyo itakayokufundisha kutukana. Uwe na jeki ya magurudumu na mtu wa pili. Usithubutu kuipokea kwa kifua.

Kufungua ndiko nilikotaka kufika. Giaboksi hii imejengwa kwa vipande vitatu: mbele kengele iliyoungana na nyumba ya gia, nyuma mkia unaobeba mkono wa gia, na katikati sahani nene ya aluminiamu ambayo shafti zote zimepita ndani yake. Ukivua mkia kisha ukavua nyumba ya mbele, unabaki na gia zote zimening'inia kwenye sahani ile kama mishikaki. Ni ubunifu mzuri mno. Kila kitu kinakuwa wazi, unakizunguka na taa mkononi. Lakini kuvua nyumba ya mbele kulinichukua saa nzima ya kugonga na nyundo ya mbao, haitoki, nikaanza kutafuta bisbisi ya kupenyeza kwenye ungio. Alhamdulillahi sikufanya hivyo, maana aluminiamu ikikwaruzwa hapo mafuta yatavuja milele. Nilikuwa nimesahau sekulipi, yaani pete ya kubania, ya beringi ya mbele, iliyojificha nyuma ya kifuniko kidogo ndani ya kengele. Nilipoitoa, nyumba iliteleza yenyewe.

Na hapo nikafanya kosa la pili, ambalo hata leo huniuma kuliko lile la fedha. Nilikuwa nimemwalika fundi mmoja mzee wa Majengo aje atazame nami. Kwa kuwa ni mgeni wa heshima nikaona aibu kumwonyesha uchafu. Nikachukua mafuta ya taa na brashi, nikaosha kila kitu mpaka kikameta. Mzee akaja alasiri, akavua kofia, akainama. Akanyamaza muda. Kisha akaniuliza, "Nani kaosha?"

"Mimi, mzee."

"Umeosha maiti kabla daktari hajaja, mwanangu."

Akanieleza taratibu, hakunigombeza. Unga wa chuma hauanguki ovyo. Ukirundikana nyuma ya gia fulani, gia hiyo ndiyo inayoliwa. Beringi ikikauka huacha mduara wa kahawia mahali pake. Hata mafuta yaliyoganda kwenye kona ya nyumba yanakuambia kama yaliungua au yalichanganyika na maji. Yote hayo mimi nimeyamimina kwenye mtaro na kopo la mafuta ya taa. Akauliza kama na mafuta yaliyotoka nimeyatupa pia. Hapo nikapata pa kujitetea: yako kwenye debe. Akaagiza kitambaa, Mama akatupatia leso kuukuu, tukayachuja. Kilichobaki juu ya leso kilikuwa tope laini la kijivu, ambalo alilisugua kati ya vidole na kusema hilo ni la kawaida, ni uzee tu. Ndani ya tope akaokota kigamba kimoja, kidogo kuliko ukucha wa mtoto. Upande mmoja kilikwaruza, upande wa pili kilikuwa laini kama kioo na kimepinda kidogo. "Hiki kimebanduka kwenye njia ya gololi," akasema. "Beringi gani, tutaitafuta."

Alinusa pia yale mafuta, akayavuta kwa vidole yakatoka uzi. Akasema uzito wake si 90, ni 140. Kiwanda kinataka 90 ya daraja la GL-4. Mtu fulani huko nyuma alisikia ule mluzi akaufunika kwa mafuta mazito, jambo ambalo ni la kawaida sana. Mzee ana hadithi za difu, yaani gia za ekseli ya nyuma, zilizotiwa maganda ya ndizi ili zikae kimya mpaka mnunuzi afike mbali. Tatizo la mafuta mazito ni kwamba sinkro hufanya kazi kwa kusuguana, na utando mnene wa mafuta huichelewesha kushika. Kwa hiyo huenda aliyekuwa akiponya mluzi ndiye aliyeongeza ugonjwa wa gia ya pili. Nikamuuliza vipi kama ningetia GL-5, maana ndiyo iliyojaa madukani na mwuzaji alinihakikishia ni bora zaidi kwa kuwa namba ni kubwa. Akacheka. GL-5 ni ya difu. Dawa zake za kuzuia chuma kisiumane zinaweza kula shaba, na zinateleza mno kwa sinkro.

"Sasa," akasema, "nionyeshe hizo pete zako ulizonunua."

Nikazileta. Akachukua moja, akaisogeza karibu na gia ya pili, akaniangalia. Hata mimi sasa niliona. Pete zangu zilikuwa za shaba, umbo la koni, zenye mifereji myembamba kwa ndani. Iliyokuwa kwenye gia haikuwa ya shaba. Ilikuwa pete ya chuma, iliyopasuliwa mahali pamoja kama pete ya pistoni, imekaa kwenye kiota chake na kushikwa na sekulipi.

Datsun walitumia aina mbili za sinkro, na jina la giaboksi lenyewe linasema, ukijua kulisoma kwenye kitabu cha kiwanda. FS5W71B, FS5C71B. Ile 71 ni milimita kati ya shafti ya juu na ya chini. Herufi ya katikati ndiyo yenye maneno: W ni Warner, aina ya pete za shaba ambayo mafundi wengi wanaijua, C ni ile aina ya Porsche. Yangu ni C. Katika aina ya Warner, pete ya shaba husukumwa juu ya koni ya gia, ikakamata, na meno yake huziba njia mpaka mbio zilingane. Katika aina ya Porsche, slivu, yaani lile duara zito linaloteleza kuingiza gia, husugua mgongo wa pete iliyopasuka. Pete inataka kuzunguka, inagonga kizuizi kidogo kilichoko ndani, kizuizi kinasukuma ukanda mwembamba, na ukanda unaipanua pete dhidi ya slivu. Yaani kadiri inavyosuguliwa ndivyo inavyojikaza yenyewe. Mbio zikilingana, nguvu inaisha, slivu inapita. Ndiyo maana gia za Datsun ile, zikiwa nzima, ukiingiza unahisi kama unasukuma kijiko kwenye samli iliyoganda, si ule mdundo wa ghafla wa magari mengine. Nilikuwa nikidhani ni uchakavu.

Pete zangu za shaba zilikuwa na thamani ya mapambo. Mama amechukua moja, chetezo chake kinakaa juu yake vizuri.

Tulifanya ukaguzi siku mbili, baada ya Alasiri mpaka adhana ya Magharibi. Mzee ana utaratibu wake: macho, kucha, kisha kipimo, na kipimo huja mwisho kabisa. Beringi alizishika moja moja, akazizungusha kwa kidole polepole sana, amefumba macho. Kijana wa jirani alikuwa na kompresa, akajitolea kuzipuliza zikauke. Alipoona beringi inazunguka kwa upepo inapiga kelele kama nyuki akafurahi, mzee akamnyang'anya mpira wa upepo. Beringi iliyooshwa haina mafuta. Ukiizungusha hivyo unaiua, na ikipasuka mkononi inakuua wewe.

Ya mbele ilipokuwa mkononi mwangu akanitaka nifumbe macho. Nikazungusha. Inakwenda, inakwenda, kisha kitu kama punje ya mchanga, kisha inakwenda, punje tena. Punje zile zilikuja kwa nafasi sawa. Tukaimulika: kwenye njia ya gololi kulikuwa na vidoa vya kutu, kila kimoja mahali gololi iliposimama miaka 14 bila kusogea, na pembeni ya kimoja pamebanduka kishimo. Kile kigamba cha kwenye leso kilikaa hapo kama kifuniko cha sufuria yake. Na ajabu iliyonikaa kichwani ni kwamba shafti ya chini, iliyokuwa imezama kwenye yale mafuta mabaya mazito, ilikuwa safi kama jana. Kutu yote ilikuwa juu, mahali mafuta hayakufika. Laiti mtu angeizungusha injini kwa mkono mara moja kwa mwezi.

Beringi hizi si za Datsun peke yake. Zina namba ubavuni. Ukienda na namba kwenye duka la beringi unapata, na bei yake haikaribii hata kidogo bei ya "spea za gari la kale".

Gia ya pili tuliitazama kwa kioo cha kukuzia. Meno makubwa, yale yanayobeba gari, yalikuwa mazima kabisa. Yaliyoumia ni yale madogo ya ubavuni ambayo slivu huyakamata. Kwenye gia ya tatu ncha zake zilikuwa kali kama paa la nyumba. Kwenye ya pili zimekuwa butu, mviringo, kama meno ya mbuzi mzee. Na mgongo wa pete yake ulikuwa umeng'arishwa, ule utando wa kijivu wa kusugulia umebaki kingoni tu. Gia yenyewe inaweza kuendelea, mzee akasema, lakini pete lazima ibadilishwe. Tulipata moja, ya aina sahihi safari hii, baada ya miezi mitatu.

Kisha tukafika kwenye foku ya gia ya tatu na ya nne. Foku ni uma wenye vidole viwili unaokaa kwenye mfereji wa slivu na kuisukuma huku na huku. Inapaswa kuigusa slivu wakati wa kubadilisha tu, halafu ipumzike. Mzee aliichomoa, akaigeuza, akanipa bila kusema kitu. Uso wa nyuma ulikuwa kama ulivyotoka kiwandani, hata alama za mashine zinaonekana. Uso wa mbele ulikuwa umelika, unang'aa, na kwenye ncha moja rangi ya chuma imebadilika, samawati hafifu, rangi ya moto.

"Aliyeendesha gari hili," akasema, "mkono wake alikuwa akiuweka wapi?"

Sikuhitaji kufikiri. Picha yote ya utoto wangu ndani ya gari lile ni mkono wa Ami: wa kulia kwenye usukani, wa kushoto umelala juu ya mkono wa gia, saa ya dhahabu inacheza, barabara ya Malindi, gia ya nne. Ukiwa gia ya nne mkono wa gia umevutwa nyuma. Ukiulaza kiganja juu yake, uzito unaendelea kuuvuta nyuma. Na kwa kuwa unageukia kwenye kiungo chake katikati, upande wa chini unasukuma mbele, na foku nayo inaikandamiza slivu kwa mbele, wakati slivu inazunguka kwa mbio zote za injini. Kilomita kwa kilomita. Mkono wenyewe ni uzito wa mkate tu, lakini huo ndio ulioukata uso ule.

Nilikaa na foku ile muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilihisi nimeshika kitu ambacho hata picha za harusi hazina.

Kufunga kulikuwa na visa vyake, nitataja kimoja. Fito za foku hushikwa na vigololi vidogo vyenye springi nyuma yao, ndivyo vinavyokupa ule mdundo wa gia kukaa. Mzee alinionya nizibe tundu kwa kidole wakati wa kuchomeka ufito. Nikaziba vibaya. Kikaruka. Tulikitafuta na sumaku kwenye sakafu, kwenye mtaro, chini ya debe, mpaka adhana ikalia. Nikaingia ndani kubadilisha nguo nitie udhu, nikafungua kikoi, kikadondoka kwenye saruji tik, tik, tik, kikasimama kwenye kidole changu cha mguu. Kilikuwa kwenye pindo la kiunoni muda wote. Jambo la pili si kisa, ni shukrani: shafti ya mbele ililala usiku mzima kwenye friza ya Mama chini ya mfuko wa pweza, ikasinyaa, na beringi mpya tuliyoichemsha kwenye mafuta ikaingia kwa kusukuma na vidole. Pasipo nyundo. Mama hakupendezwa.

Tuliijaza 90 ya GL-4. Siku ya kwanza nilivuka daraja la Nyali, nikaenda hadi Mtwapa na kurudi. Mluzi hakuna. Gia ya pili asubuhi, mafuta yakiwa ya baridi, bado inataka uisubiri kidogo, uhesabu moja. Ikishapata joto inaingia kama samli. Mkono wa kushoto niliuweka kwenye paja, kwa nguvu, maana kila nikijisahau naukuta umekwishapanda wenyewe.

Foku ya zamani nilimpelekea Ami. Macho yake sasa yanaona mwanga na vivuli tu. Alikuwa barazani na kahawa. Nikamwekea mkononi, nikamweleza yote: gia ya nne, barabara ya Malindi, saa ya dhahabu, nilivyoitambua alama yake ndani ya chuma. Akaupapasa uso usioliwa kwa kidole gumba, kisha ule ulioliwa, kisha tena ule wa kwanza. Nikaona anatabasamu, nikadhani ameguswa.

"Mimi gari langu nilifundishwa na Mhindi wa Makupa," akasema, "alikuwa ananipiga rula kwenye vidole nikiugusa mkono wa gia bila kazi. Huu mkono wangu unaoukumbuka ulikuwa kwenye paja." Akanywa kahawa. "Muulize baba yako. Kila Ijumaa nani alikuwa akija kuniazima gari la kwendea Malindi, nawe umekaa kando yake?"